Mtoto Akijua Kusoma, Bado Asomewe

Imani iliyozoeleka kwa muda mrefu ni kwamba mtoto akishaweza kusoma mwenyewe, kazi ya mzazi ya kumsomea imekwisha, na kwamba kuendelea nayo ni kumdekeza. Imani hiyo haina msingi.

Kusoma kuna sehemu mbili: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Mwaka 1986, watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba uelewa wa msomaji hutegemea sehemu zote mbili, kiasi kwamba moja ikikosekana kabisa, nyingine haifui dafu. Mtoto wa miaka 7 mara nyingi bado anapambana na ile ya kwanza, ilhali kwa kusikiliza anaweza kufuata hadithi ngumu kuliko zile anazozimudu peke yake, na pengo hilo huendelea kwa miaka kadhaa. Anaposomewa, hukutana na msamiati na miundo ya sentensi ambayo ni nadra katika mazungumzo ya kila siku, tena akiwa na mtu wa kumuuliza papo hapo. Hilo la kuuliza, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kubwa zaidi, na ndilo ambalo wazazi wengi hulikatiza kwa haraka ya kumaliza ukurasa.

Kuhusu muda, dakika 10 kabla ya kulala zinatosha kwa kuanzia, hata kama sura itaishia katikati na kuendelezwa kesho yake. Mtoto akitaka kupokezana kusoma, apewe nafasi. Akitaka kusikiliza tu, asilazimishwe.