Si kila hitilafu ya kumbukumbu ni "kuvuja"

Kiraka nilicholetewa, yaani rekebisho dogo la programu, kilikuwa cha tarakimu moja. Palipoandikwa 40, mrekebishaji aliweka 41, katika programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayosoma hazina ya Git (chombo cha kutunza matoleo ya faili) na kuorodhesha mabadiliko yake. Kazi safi. Ila kichwa cha maelezo kilisomeka "Kurekebisha kuvuja kwa kumbukumbu", wakati hapakuwa na kitu kilichovuja. Nimelikuta kosa hili mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalieleza.

Hitilafu ya ufikiaji wa kumbukumbu hutokea programu inaposoma au kuandika mahali pa kumbukumbu ya kompyuta pasipo pake kwa wakati huo: ama imevuka mpaka wa eneo ililotengewa, ama inagusa eneo ambalo imekwisha kulirudisha. Maana yake haizidi hapo.

Tuitazame ile 41. Git hulipa kila badiliko alama ya SHA-1, kitambulisho kinachokokotolewa kutokana na yaliyomo, ambayo ikiandikwa huwa na herufi na tarakimu 40. Katika C, maandishi hayabebi urefu wake. Hujulikana yamekwisha kwa baiti ya sifuri inayowekwa mwishoni. Basi alama ya herufi 40 inahitaji baiti 41. Ukitenga 40, ile sifuri inaandikwa juu ya baiti ya jirani. Jirani akiwa nafasi tupu, programu itakwenda miaka bila kulalamika. Akiwa kielekezi cha orodha nyingine, yaani namba inayoonyesha orodha hiyo iko wapi katika kumbukumbu, itaanguka mbali kabisa na mstari uliokosea, na wewe utashinda siku nzima ukichunguza mahali pasipo na kosa. Kwa kazi hiyo AddressSanitizer, chombo cha kunasa hitilafu za kumbukumbu, ni msaada mkubwa: huzungushia kila eneo lililotengwa ukanda uliokatazwa, na programu ikikanyaga ukanda huo husimamishwa papo hapo, mstari ukitajwa.

Sasa neno "kuvuja". Nadhani mkanganyiko umeanzia kwenye "kumbukumbu" lenyewe. Limetoka kwenye kitenzi kumbuka, na kabla ya kompyuta lilikuwa tayari na kazi zake: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za ofisi, yaani mambo yaliyoandikwa ili yasisahaulike. Kwa sikio la kawaida, kumbukumbu zikivuja ni siri zimetoka nje. Mafundi nao wana maana nyingine kabisa: programu imeomba nafasi, imemaliza kuitumia, haikuirudisha, na sasa haina hata njia ya kuifikia. Hakuna siri iliyotoka. Kilichopotea ni nafasi.

Na picha ya kuvuja yenyewe inatupotosha. Tunasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, kwa kuwa kinachovuja hupunguza mzigo. Programu inayovuja kumbukumbu huongezewa mzigo kila dakika, kwani haitui chochote, hadi mashine inaelemewa. Ajabu ni kwamba maana ile ya siri kutoka nje inaifaa zaidi hitilafu ya ufikiaji. Heartbleed, hitilafu ya usalama iliyogunduliwa mwaka 2014 katika OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano ya mtandao, ilikuwa usomaji wa kuvuka mpaka: kwa kila ombi, mgeni aliweza kupewa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva asizostahili kuziona. Hapo data ilivuja kweli, na bado kifundi si kuvuja kwa kumbukumbu.

Kinachonisukuma kusisitiza ni kwamba jina huamua tiba. Uvujaji hutibiwa kwa kuongeza mstari wa kurudisha nafasi. Baadhi ya hitilafu za ufikiaji huletwa na mstari huohuo ukiwekwa mapema mno, au mara mbili. Nimewahi kumwona mtu mwenye bidii "akiziba mvujo" katika msimbo wa kulinganisha matoleo mawili ya faili. Akarudisha jina la faili ambalo sehemu nyingine ilikuwa bado inalisoma. Programu iliyokuwa na hitilafu moja ikapata mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza.

Jina huamua pia haraka ya kuchukua hatua. Amri nyingi za Git huishi muda mfupi, na zikimalizika mfumo endeshi huchukua nafasi yote, iliyorudishwa na isiyorudishwa. Kwa sababu hiyo Git ilivumilia mivujo mingi kwa miaka, na watumiaji hawakudhurika sana. Lakini tarehe 17 Januari 2023 lilipotoka toleo la 2.39.1, halikuwa jambo la kusubiri. Mojawapo ya matundu ya usalama lililoyaziba, lililosajiliwa kwa namba CVE-2022-41903, lilikuwa katika upangaji wa nafasi za maandishi ya orodha ya mabadiliko. Urefu ulihifadhiwa katika namba ya biti 32, ambayo haipiti 2,147,483,647. Ukiwa mkubwa kupita hapo, hesabu hupinduka, na programu huandika nje ya eneo lake. Mshambuliaji stadi angeweza kupitia hapo kuendesha amri zake kwenye mashine yako. Mtu aliyeambiwa "ni mvujo tu" angeacha kusasisha hadi mwezi ujao.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeandika maelezo ya viraka, jiulize kwanza: programu imekosa kurudisha nafasi, au imegusa pasipo pake? Ya kwanza iite kuvuja, hata kama neno halitoshi. Ya pili iite kwa tendo lake: kusoma nje ya mpaka, kuandika nje ya mpaka, kutumia eneo lililokwisha kurudishwa. Yule wa 41 nilimwomba abadilishe kichwa tu, na sasa kinasomeka "Kuzuia kuandika baiti moja nje ya mpaka wa alama ya badiliko".