Tarehe iliyogoma mwaka 1972

Kila taarifa ya habari hapa Marekani inapotaja muswada wa kuwapa wahamiaji makaratasi, simu yangu haipumui. "Wakili, imepita?" Haijapita. Muswada lazima upite Bunge la Wawakilishi na Seneti, kisha rais atie sahihi. Kongresi, yaani mabunge hayo mawili kwa muhula wa miaka miwili, ikimaliza muda wake, miswada iliyokwama inakufa nayo. Ule wa 2013 ulipata kura 68 kwa 32 kwenye Seneti. Wawakilishi hawakuupigia kura kabisa.

Mimi huwaonyesha watu kifungu kidogo ambacho tayari ni sheria: cha 249 cha sheria ya uhamiaji, tunachokiita rejista. Asili yake ni sheria ya 1929. Kama uliingia nchini kabla ya tarehe fulani, ukaishi mfululizo, una mwenendo mwema na huna makosa mazito, unaweza kuomba grini kadi, hata kama hukuingia na viza. Kazi yote iko kwenye hiyo tarehe. Mwanzoni ilikuwa Juni 1921, kisha ikasogezwa hadi 1924, 1940, 1948, na mwisho Januari 1, 1972. Mara hiyo ya mwisho ilikuwa 1986, kwa sheria ileile ya Rais Reagan iliyowapa makaratasi watu milioni 2.7 hivi. Tangu hapo haijaguswa. Aliyeingia Februari 1972 ni mzee sasa, na kifungu hiki bado hakimtambui.

Muswada uliowasilishwa 2022 na kurudishwa 2023 ulitaka tarehe itembee yenyewe: ukitimiza miaka saba, unaomba. Wapinzani wanasema huko ni kumzawadia aliyevunja sheria. Nawaelewa, ila rejista haijawahi kuwa msamaha wa jumla. Kila ombi linapimwa peke yake, na afisa anaweza kulikataa.

Kinachonitia wasiwasi ni ushahidi. Aliyelipwa taslimu na kupanga chumba kwa jina la mwenzake atathibitishaje miaka saba? Mteja wangu mmoja aliniletea boksi la viatu limejaa risiti za kutuma pesa nyumbani. Alizitunza zote, hakutupa hata moja. Tukazimwaga mezani: nyingi zilikuwa nyeupe tupu. Karatasi zile huchapwa kwa joto, maandishi hufifia. Tulizigeuza kwenye mwanga wa dirisha, tukapata tarehe tatu.

Siku hizi mteja akikaa tu, kabla hata sijamuuliza jina, namwambia apige picha risiti zake.