Laga ya pipa: maana yake, na namna ya kuipata ikiwa bado nzuri

Laga ya pipa ni bia ya laga inayotoka kwenye pipa hadi kwenye glasi bila kusukumwa na gesi ya mtungi. Hushuka kwa uzito wake yenyewe kupitia koki, au huvutwa kwa pampu ya mkono. Gesi iliyomo ndani yake ni ile iliyotengenezwa na hamira wakati bia inachachuka, basi. Maana ni fupi hivyo, ila yanayofuatana nayo ni mengi, na kuna watu wanaopanda treni kwenda mji wa mbali kwa ajili yake.

Laga ya kawaida humfikia mnywaji kwa njia nyingine kabisa. Kiwandani huchujwa mpaka ing'ae, mara nyingi hupashwa moto ili kuua vijidudu, kisha hujazwa kwenye kegi ya chuma. Baa inaunganisha kegi na mtungi wa kabonidioksidi, na gesi inaisukuma bia hadi kwenye bomba la kaunta. Sina ugomvi na mfumo huo. Bia hukaa muda mrefu bila kuharibika, na glasi ya Jumatatu haina tofauti na ya Ijumaa. Laga ya pipa haina kinga hiyo. Pipa likishafunguliwa hewa inaingia, na kila saa inayopita inapunguza kitu.

Wengine hudhani huu ni mtindo mpya wa watengenezaji wadogo wanaotafuta la kusema. Sivyo. Laga ilizaliwa na kukulia kwenye mapipa. Hamira yake, Saccharomyces pastorianus, ni chotara wa hamira ya ale (bia inayochachushwa kwenye joto zaidi kuliko laga) na ya pili inayostahimili baridi, ambayo wanasayansi waliitambua Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini, na kuitangaza mwaka 2011. Chotara huyo hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 8 hadi 13 hivi za Selsiasi, na baada ya hapo bia huhifadhiwa kwenye baridi inayokaribia sifuri kwa wiki kadhaa, pengine miezi, ili itulie na kusafika. Zamani baridi hiyo haikutoka kwenye mashine. Bavaria, ambayo leo ni jimbo la kusini mwa Ujerumani, ilipiga marufuku utengenezaji wa bia wakati wa joto tangu 1553, kuanzia Aprili 23 hadi Septemba 29, kwa hiyo bia ya kunywewa kiangazi ilibidi ipikwe mapema na kufichwa kwenye mapango yaliyochimbwa kando ya vilima, pamoja na barafu iliyokatwa kwenye mabwawa wakati wa baridi kali. Juu ya mapango walipanda miti yenye majani mapana ili kivuli kipoze ardhi. Watu wakagundua kwamba kivuli kinachoifaa bia kinawafaa na wao, wakaweka meza. Ndiyo asili ya bustani za bia, na ndiyo sababu hadi leo mkazi wa Bamberg, mji wa Bavaria, husema anakwenda "juu ya" ghala la chini, si ndani yake.

Josef Groll alipotengeneza pilsna ya kwanza, laga ya rangi ya dhahabu, mjini Plzeň katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki mwaka 1842, ilinywewa kutoka kwenye mapipa ya mbao. Majokofu ya Carl von Linde yalikuja miaka ya 1870, na kegi za chuma zikaenea baadaye sana.

Sasa tuje kwenye gesi, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Lita moja ya laga ya kegi hubeba takriban lita mbili na nusu za kabonidioksidi iliyoyeyuka. Pipa lililo wazi kwa hewa haliwezi kushikilia kiasi hicho. Kwa kanuni za kawaida za fizikia, kimiminika kisichobanwa na presha ya ziada hushika takriban lita 1.7 za gesi kikiwa kwenye nyuzi 0, lita 1.2 kwenye nyuzi 10, na chini ya lita moja kwenye nyuzi 20. Kwa hiyo laga ya pipa ina karibu nusu tu ya gesi uliyoizoea, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi kuipoteza.

Anayeinywa mara ya kwanza anaweza kusema imelala, kama soda iliyoachwa bila kifuniko. Mpe nafasi anywe nusu glasi. Gesi nyingi huchoma ulimi na kuufunika. Ikipungua, kimea kinajitokeza, ile ladha ya ganda la mkate, wakati mwingine asali kidogo, na uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, unakuja taratibu na kukaa badala ya kuuma na kutoweka. Tumbo nalo halijai upepo. Hilo lina hatari yake: bia ya asilimia 5 inayoteremka kirahisi hivyo hukufikia kichwani kabla hujaanza kuhesabu glasi.

Kuna njia mbili kubwa za kuitoa, na hazifanani hata kidogo.

Ya kwanza ni ya kusini mwa Ujerumani. Bia hukomaa kiwandani na kupata gesi yake huko; pipa ni chombo cha kuibebea tu. Linapandishwa juu ya kaunta, mhudumu anaelekeza koki ya shaba kwenye kizibo na kuigonga kwa nyundo ya mbao mpaka izame. Akikosea pigo, bia inamrukia. Glasi za mwanzo hutoka kwa nguvu kwa sababu pipa bado lina presha, na povu huwa jingi. Presha ikiisha, mkondo unalegea, naye anafungua tundu la juu ili hewa iingie na bia iendelee kushuka. Kuanzia hapo ni mbio. Katika Schlenkerla, baa ya Bamberg inayojulikana kwa laga yake nyeusi yenye moshi wa kuni za mti wa Ulaya uitwao beech, pipa la mbao limewekwa mahali ambapo unaweza kuliona likifanya kazi, na wanywaji ni wengi kiasi kwamba bia haipati muda wa kuchoka. Munich, kampuni ya Augustiner hupeleka kwenye sherehe ya bia ya Oktoberfest mapipa ya mbao ya lita 200, wakati mahema mengine makubwa yameshahamia kwenye matangi ya chuma. Pipa la ufunguzi wa sherehe hiyo hugongwa na meya wa jiji. Thomas Wimmer, aliyeanzisha desturi hiyo mwaka 1950, alihitaji mapigo 17, na mameya waliomfuata wamekuwa wakipimwa kwa idadi hiyo tangu siku hiyo.

Mbao hapo haziongezi ladha. Mapipa hayo hupakwa lami maalumu kwa ndani, hivyo bia haigusi mti. Anayekwambia anasikia ladha ya mwaloni kwenye laga ya Bavaria ameisikia kwa macho.

Franconia, kaskazini mwa Bavaria, wana hatua ya ziada: laga inayoitwa ungespundet, ambayo tangi lake huachwa bila kubanwa wakati bia inakomaa, gesi ikajitokea yenyewe. Mahr's Bräu ya Bamberg inauza ya namna hiyo, na wenyeji huiagiza kwa kutaja herufi "U" peke yake. Hata ikitolewa kwenye chombo cha kisasa, mdomoni inafanana sana na laga ya pipa kwa upole wake.

Njia ya pili ni ya Uingereza, na hapo kazi kubwa inafanyika ndani ya baa. Bia huingizwa kwenye pipa ikiwa na hamira hai na sukari kidogo, ikaendelea kuchachuka humohumo. Pipa hulazwa kwenye stendi katika stoo ya chini ya ardhi. Msimamizi wa stoo anatoboa kizibo cha juu na kuchomeka kigingi cha mti laini kinachopitisha gesi. Akiona povu limetulia juu ya kigingi, anakibadilisha kwa cha mti mgumu ili gesi iliyobaki isitoroke. Hapo ndipo bia inapona au kuharibika, na hakuna mashine ya kumsaidia. Ikiwa tayari, inavutwa hadi kaunta kwa pampu ya mkono.

Utaratibu huo ulibuniwa kwa ajili ya ale, na CAMRA, chama cha wanywaji wa huko, kilianzishwa mwaka 1971 kuutetea wakati kegi zilipokuwa zinateka baa za nchi hiyo. Kwa wanachama wengi wa wakati ule, laga ndiyo iliyokuwa adui. Lakini ukiisoma fasili yao ya bia halisi, inataka viungo vya asili, uchachukaji wa pili ndani ya chombo kinachotoa bia, na kutotumia gesi ya nje. Haimfungii mlango chotara wetu wa baridi. Harviestoun ya Scotland imetumia nafasi hiyo kwa Schiehallion, laga ya asilimia 4.8 iliyopewa jina la mlima, inayopatikana kwenye pampu ya mkono.

Mbona basi haziko nyingi? Mtengenezaji mdogo akiacha tangi likaliwe na bia moja kwa wiki sita, amepoteza nafasi ya kutengeneza ale mara mbili au tatu. Halafu stoo za baa za Uingereza hukaa kwenye nyuzi 11 hadi 13, jotojoto kwa laga. Nyuzi 8 zingeifaa zaidi, kwa ladha na kwa kushika gesi. Na kuna mteja mwenyewe, ambaye akisikia "laga" anatarajia ubaridi na mchomo.

Jamhuri ya Cheki wana kitu cha jirani ambacho si pipa. Baa za matangi hupokea pilsna isiyopashwa moto na kuiweka kwenye tangi lenye mfuko ndani. Hewa inaubana mfuko kutoka nje, hivyo haikutani na bia. Ni suluhisho la akili. Anayetaka pipa lenyewe aende Plzeň kwenye ziara ya kiwanda cha Pilsner Urquell, ambako humiminiwa bia isiyochujwa kutoka kwenye mapipa ya mwaloni chini ya ardhi.

Kwenye kutafuta, watu huanza na jina la bia. Mimi naona waanze na idadi ya wanywaji. Pipa la kawaida la Uingereza, firkini, lina galoni 9, yaani painti 72, na likishaanza kuuzwa linatakiwa liishe ndani ya siku tatu hivi. Laga huonyesha uchovu mapema kuliko ale nyeusi, maana haina ladha nzito za kufichia kasoro. Baa tupu yenye laga bora kwenye pampu itakupa bia mbovu; baa iliyojaa yenye laga ya wastani itakufurahisha. Uliza pipa limefunguliwa lini. Mhudumu anayejua kazi yake atajibu bila kufikiri, na akisema "leo asubuhi" kaa chini.

Ujerumani, jihadhari na tangazo la "vom Fass". Linamaanisha tu kwamba bia haitoki kwenye chupa, na mara nyingi ni kegi ya chuma yenye gesi. Tafuta "aus dem Holzfass", yaani kutoka pipa la mbao, au "Bayerischer Anstich", yaani pipa linalogongwa koki kwa mtindo wa Bavaria. Hata hapo uliza saa, kwa kuwa baa nyingine hufungua pipa jioni tu, au siku fulani za wiki. Mwisho wa Julai, msitu wa maghala ya bia wa Forchheim, mji wa Franconia, hufanya sherehe ya Annafest, na foleni zake ndizo dawa ya pipa linalochelewa kuisha.

Ukishaipata, usiombe iwe ya baridi kali, kwani ubaridi utaua kile ulichokifuata. Kwenye pampu ya Uingereza angalia kama mdomo wake umefungwa kichujio chenye vitundu vidogo. Hicho huigeuza gesi kuwa povu zito, na laga ambayo gesi yake ni chache tangu mwanzo haina ya kugawa. Omba kiondolewe, si jambo la aibu. Ukungu kidogo kwenye glasi usikutishe, laga nyingi zisizochujwa ziko hivyo. Harufu ya siki au ya boksi lililolowa ni habari nyingine: bia imepigwa na hewa, irudishe. Ladha ya siagi mara nyingi huwa ya kiwandani, ambako hamira haikupewa siku chache za joto kidogo mwishoni ili iimalize. Kwa hiyo mhudumu huenda hana kosa, ingawa glasi bado unayo haki ya kuibadilisha.

Asiyeweza kusafiri anaweza kupata kionjo nyumbani. Viwanda kadhaa vya Ujerumani huuza kopo la lita 5 lenye koki chini na kizibo cha hewa juu, bila mtungi wowote. Liache lipoe siku nzima bila kutikiswa, liweke ukingoni mwa meza, fungua kizibo cha hewa ndipo uvute koki, na uwe umealika watu wa kutosha kulimaliza jioni hiyohiyo.