Malawi wameruhusu bangi? Haya, wameruhusu nini hasa

Jamani nimechoka. Mtu anaingia ofisini kwangu hapa Mtwara, mdogo wake kakamatwa na bangi, sijafungua hata faili ananambia "lakini wakili, Malawi si wameruhusu?" Sasa ndugu yangu, mdogo wako kakamatwa Malawi? Kakamatwa Masasi, anashtakiwa kwa sheria ya Tanzania, hapo Malawi inaingiaje?

Hii ndo inanichosha kuliko zote kwaiyo nakaa nayo kidogo. Ni kweli Malawi walipitisha sheria mwaka 2020. Ila kilichopita ni leseni ya kulima bangi ya dawa pamoja na ile hempu (aina ya bangi isiyolevya) ya viwandani ya nyuzi na mafuta, na kuna mamlaka yao inayotoa hizo leseni na kuzisimamia. Mtu wa Lilongwe akiotesha chamba, yaani bangi, nyuma ya nyumba bila leseni, akavuta au akauza, ni kosa vilevile kama zamani. Lesotho aliwatangulia wote 2017 kwa leseni za dawa, Zimbabwe akafuata 2018, Zambia 2021, Rwanda nae anatoa leseni kwa wawekezaji walime wauze nje, na hukohuko Rwanda ukikutwa unavuta unaenda ndani. Wanatafuta dola wale, hawajawaruhusu vijana wao wakae kijiweni wapulize.

Sasa mtu wa Tandahimba anaona kichwa cha habari "Malawi yahalalisha bangi", haendelei kusoma, bei ya korosho ikiyumba kidogo kwenye mnada anaanza kufikiria kupachika miche katikati ya mikorosho. Mzee wangu usithubutu. Sheria yetu ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni ya 2015, ikaja kukazwa 2017, na kulima tu tunaongelea miaka 30. Hakuna dirisha pale wilayani la mkulima kwenda kukata leseni.

Alafu mwingine anakuja "mimi sikuwa nasafirisha, nilikuwa namwekea mshkaji". Ebu isome sheria. Kusafirisha kwenye sheria hii sio lazima uwe na fuso, humo ndani wameweka kununua, kuuza, kumpa mtu bure, kuhifadhi, mpaka kuwa nayo tu. Uzito ndo utaamua sana unashtakiwa kwa kifungu gani, ila hiyo "nilikuwa namwekea" ukiimwaga kituoni kwenye maelezo umeshakiri mwenyewe, na ukishasaini mimi nabaki kuokoteza vipande. Nyamaza mpaka uwe na wakili, hilo nalisema kila siku na hamnisikii.

Madereva na wafanyabiashara wanaovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala au kivuko cha Kilambo wana ya kwao: eti Msumbiji bangi iko huru kwasababu Wareno, waliokuwa wakoloni wao, waliruhusu. Nani kawadanganya? Msumbiji ilipata uhuru 1975, Ureno wakabadilisha sheria yao 2001, miaka 26 baadae, hapo urithi unatoka wapi? Msumbiji wana sheria yao ya 1997 na suruma, ndo bangi kwa lugha yao, imo humo, ni marufuku. Na hao Wareno wenyewe hawajaihalalisha, ukikutwa na kiasi cha matumizi yako ya siku 10 hupelekwi mahakamani kama mhalifu, unapelekwa kwenye kamisheni inayoangalia kama unahitaji matibabu au upigwe faini. Ukiuza ni jela kama kawaida.

Afrika Kusini? Hapa kidogo kuna ukweli. Mahakama ya Katiba iliamua 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuvuta na kulima kwa matumizi yake akiwa faragha, na Rais Ramaphosa akasaini sheria 2024. Kuuza bado ni kosa, kuvuta barabarani kosa.

Uholanzi haijawahi kuhalalisha, wanafumbia macho tu, duka linakuuzia mpaka gramu 5 ila kwa miaka yote mzigo wa duka ulikuwa unapitia mlango wa nyuma kinyume cha sheria. Jamaika, poleni marasta wangu wa Shangani, 2015 waliondoa jinai kwa kiasi kisichozidi aunsi 2, unaandikiwa faini ndogo, na Rasta karuhusiwa kwa ajili ya ibada yake. Uruguay waliruhusu 2013 ila raia na wakazi tu, mtalii hauziwi pale famasi. Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima anatembea na gramu 25, maduka ya kawaida hakuna. Marekani majimbo kibao yameruhusu ila serikali kuu bado inaikataza, kwaiyo ukiomba viza usijisifie ulivuta ukiwa Colorado, wanaweza kukunyima.

Wengine wananambia "UN imeshaitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya." Haijaitoa. Desemba 2020 walipiga kura 27 kwa 25 ikatolewa kwenye jedwali kali kabisa la mkataba wa dunia wa dawa za kulevya wa 1961, jedwali la kwanza bado imo. Na mkataba hata ungebadilika wote, hakimu wa Lindi anasoma sheria ya Bunge la Dodoma.

Nyie mabaharia mnaopanda meli pale bandarini mnisikie vizuri zaidi. Meli inatia nanga nchi tano na kila nchi ina yake. Singapore ukikutwa unasafirisha zaidi ya gramu 500 ni kunyongwa, na wamenyonga kweli, sio vitisho vya kwenye karatasi.

Kuna na hii ya vifurushi, imeanza juzijuzi. Ndugu yuko Kanada, kule ni halali toka Oktoba 2018, anataka kutuma pipi zenye bangi kwasababu "zina risiti ya duka". Kanada yenyewe inakataza kuitoa nje ya nchi bila kibali, hata kama unaipeleka nchi iliyoruhusu, kwaiyo mtumaji kavunja sheria ya huko na mpokeaji jina lake liko kwenye kifurushi huku. Mwambie atume hela.