Je, wajua kwa nini jicho hili lilichorwa kubwa kuliko kichwa cha mtu?

Katika La Dioptrique, insha ya mwanafalsafa Mfaransa René Descartes kuhusu nuru na macho iliyochapwa Leiden mwaka 1637, kuna mchoro wa ajabu. Juu kuna jicho lililopasuliwa katikati. Chini yake, gizani, mzee mwenye ndevu analitazama. Jicho limemzidi kichwa, na mchoraji hakukosea vipimo.

Jaribio lenyewe ni la kweli. Descartes anaagiza uchukue jicho la mtu aliyekufa punde, au likikosekana, la ng'ombe. Kwa nyuma, kata ngozi zote tatu mpaka ute wa ndani uonekane, bila kumwagika hata tone. Funika hapo kwa karatasi nyeupe nyembamba au ganda la yai. Lipachike kwenye tundu la dirisha, mboni ikielekea vitu vinavyopigwa na jua, na chumba kiwe giza totoro: mwanga upite jichoni tu. Kwenye lile ganda utaona mandhari ya nje, miguu juu kichwa chini, kama mwanaastronomia Johannes Kepler alivyokwisha kueleza mwaka 1604.

Kuna mitego. Jicho lililokaa huingia ukungu kwenye konea, yaani ngozi angavu ya mbele, picha ikafifia. Ukilibana likapoteza umbo lake, picha huvurugika. Ila kwa kitu kilicho karibu inabidi ulibane kidogo lirefuke, ndipo picha itulie.

Sasa, ukubwa. Jicho la ng'ombe lina upana wa sentimita 3 hadi 4 hivi. Lingechorwa hivyo kando ya mtu, nani angeona miale ikitoka nukta za nje zilizoandikwa V, X na Y, ikipinda kwenye konea na lenzi, hadi kutua nyuma ya jicho kwenye R, S na T? Na miale hiyo ndiyo hoja yote. Kwa hiyo mwanahisabati Mholanzi Frans van Schooten mdogo, anayetajwa kuwa mchoraji, aliweka jiometri juu na mtu chini katika fremu moja.

Mchoro ulichongwa kwenye mbao. Kibao cha mbao hulingana kimo na herufi za chapa, hupakwa wino na kukandamizwa pamoja nazo mara moja; bamba la shaba hutaka mashine yake peke yake. Ndiyo maana kibao kilekile kimerudiwa kurasa kadhaa, msomaji asihangaike kufunua nyuma. Ila mistari ya mbao ni minene: ukisonga miale na herufi ndani ya jicho dogo, wino huziba nafasi na kuacha doa jeusi. Jicho likapanuliwa, mzee akaachiwa kichwa na mabega tu.