Baridi yabisi: maumivu kutulia si ugonjwa kutulia

"Siku hizi siumwi, nipimwe nini tena?"
Diklofenaki (dawa ya maumivu) na prednisoloni (dawa ya steroidi) zinaweza kutuliza maumivu, lakini diklofenaki haizuii hata kidogo mfupa kuliwa na ugonjwa. Ndiyo maana daktari hubonyeza viungo 28, kuanzia mabega, viwiko na vidole hadi magoti, akihesabu vinavyouma, kisha vilivyovimba. Mgonjwa hutoa alama ya hali yake, 0 hadi 10, na daktari naye hutoa yake. Hesabu hizo nne hujumlishwa: isipozidi 2.8 ugonjwa umelala, ikizidi 22 umepamba moto. Kwa hesabu hii maabara haihitajiki. Kasoro yake ni kwamba nyayo na vifundo vya miguu havimo katika hivyo 28, basi vua viatu uonyeshe.

Ugonjwa ukiwa bado mkali, hesabu hurudiwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Pasipo nafuu katika miezi 3, au lengo la kuutuliza ugonjwa lisipofikiwa kwa miezi 6, tiba hubadilishwa.

"Wiki ya pili sasa, dawa haifanyi kazi."
Methotreksati, dawa kuu ya kutuliza ugonjwa wenyewe, huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi. Tena, aliyeachwa kwenye miligramu 7.5 kwa wiki kwa miezi minane asiambiwe dawa imeshindwa. Dozi ndiyo haijafika. Hupandishwa taratibu hadi 20 au 25 kwa wiki, figo na ini vikiruhusu.

"Dawa ni ya kila siku."
Kosa hili huua. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Siku iandikwe kwenye pakiti. Asidi ya foliki, kwa kawaida miligramu 5 kwa wiki, humezwa siku nyingine. Vidonda mdomoni, homa au kutoka damu ovyo: usimeze dozi nyingine, nenda hospitali siku hiyohiyo. Anayekuandikia kotrimoksazoli (antibiotiki, kama Septrin) aambiwe unatumia methotreksati, kwani zikikutana huweza kuzima uboho, sehemu ya mfupa inayotengeneza damu.

"Nirudie kipimo cha rumatoidi fakta."
Hicho ni kipimo cha damu kinachosaidia kutambua ugonjwa, si kuufuatilia. Hela hiyo ilipie chembe za damu, ini na kreatinini (kipimo cha figo): kila wiki 2 hadi 4 mwanzoni, kisha kila wiki 8 hadi 12.

"Nimepona, naacha."
Hupunguzwa prednisoloni kwanza, kidogo kidogo, kamwe si ghafla. Methotreksati husubiri mpaka utulivu udumu bila prednisoloni, na hata hapo dozi hushushwa tu, viungo vikihesabiwa kila ziara.