Je, wajua kwa nini dereva wa mbio za udongo Marekani anakata stelingi kulia ili apinde kushoto?

Ukiangalia video ya hizi mbio kwa mara ya kwanza unaweza ukadhani dereva kachanganyikiwa. Uwanja wenyewe ni wa mviringo, kona zote zinaenda kushoto, hakuna hata moja ya kulia, halafu unaona matairi ya mbele yameangalia kulia kabisa na gari limelala upande upande linarusha udongo mpaka kwenye uzio. Na bado linapinda kushoto, tena kwa spidi ambayo sisi tunaipata kwenye barabara kuu iliyonyooka tu.

Sasa jibu lake nataka nilipitishe kwa mtu mmoja anaitwa Steve Kinser, kwa sababu ukimwelewa huyu jamaa umeuelewa mchezo mzima. Amezaliwa 1954 Bloomington, jimbo la Indiana, baba yake Bob Kinser naye alikuwa dereva wa hayohayo magari, na pale kwao kuna uwanja mdogo wa udongo mwekundu ambao ndiyo familia ilikolelewa. Kina Kinser wako wengi kwenye huu mchezo, ni ukoo. Shuleni Steve alikuwa mpiganaji wa mieleka, na ukimwona mabega yake kwenye picha za zamani unaamini. Mwaka 1978 mtu mmoja anaitwa Ted Johnson akaanzisha mfululizo wa mbio unaitwa World of Outlaws, yaani akawakusanya wale madereva waliokuwa hawafungwi na chama chochote, wanafuata zawadi ilipo, leo Texas kesho Ohio keshokutwa Pennsylvania. Msimu wa kwanza tu bingwa akawa Kinser. Akachukua tena 1979, akachukua tena 1980, na mpaka anakuja kumaliza alikuwa na ubingwa mara 20 na ushindi wa mbio 577 kwenye mfululizo huohuo. Mara 20! Wakamwita Mfalme na sijawahi kusikia mtu akibisha.

Turudi kwenye gari maana hapa ndipo penye utamu. Hizi gari wanaziita sprinti. Kwa uzito ni kama kilo 640 hivi pamoja na dereva akiwa ndani, yaani nyepesi kuliko gari dogo la kawaida la mtaani, lakini injini ni V8 yenye nguvu za farasi kama 900, inakunywa methanoli. Haina stata, haina klachi, haina gia za kubadilisha, kwa hiyo ili iwake lazima pikapu ije nyuma iisukume mpaka injini ishike. Dereva anakaa katikati, na shafti ya kupeleka nguvu nyuma inapita katikati ya miguu yake. Juu kuna bawa kubwa kama meza, futi 5 kwa futi 5, kazi yake ni kuligandamiza gari chini lisipae.

Kingine, nyuma hakuna difu, yaani kile kifaa kinachoruhusu tairi la kulia na la kushoto yazunguke kwa spidi tofauti. Magurudumu yote mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja, na tairi la kulia ni kubwa kuliko la kushoto, tofauti unaiona kwa macho. Kwa nini? Chukua ndoo ya plastiki, ilaze sakafuni uiviringishe. Haiendi moja kwa moja, inakata kona yenyewe kuelekea upande wa kitako kwa sababu mdomo ni mpana kuliko kitako. Basi gari la sprinti ni hiyo ndoo. Hata ukiacha stelingi lenyewe linataka kwenda kushoto.

Sasa dereva anafika kwenye kona, anaachia gesi kidogo au anagusa breki, mkia unachomoka kwenda nje. Hapo pua ya gari tayari inaangalia ndani ya kona, tena imezidi. Angeendelea kukata stelingi kushoto lingezunguka kama pia na huo ndio ungekuwa mwisho wake. Kwa hiyo anayaelekeza matairi ya mbele kule ambako gari kweli linaelekea, na ukilinganisha na bodi iliyolala, hiyo ni kulia. Halafu anakanyaga gesi. Matairi ya nyuma yanachimba udongo, yanalisukuma gari kuzunguka kona, na yale mabamba ya pembeni ya bawa yanakamata upepo yanaongeza kulisukuma ndani. Yaani anapinda kwa mguu, stelingi ni ya kuzuia lisizidishe. Akiongeza gesi mkia unatoka zaidi, akipunguza unarudi, na hayo yote anayafanya kwa kipimo cha unyayo kwenye kiwanja cha nusu maili, ambapo mzunguko mmoja pale Knoxville, Iowa, unachukua kama sekunde 15 tu. Piga hesabu, hiyo ni zaidi ya kilomita 190 kwa saa kwa wastani, na kona zimo humohumo.

Wengi wetu huku mbio za udongo tunazijua kwa Safari Rally, na hata kule madereva wanalaza gari hivihivi kwenye vumbi, ila wao kona zinabadilika. Kwenye sprinti kona ni zilezile, kinachobadilika ni udongo wenyewe, na hiki ndicho kinachonifanya niupende huu mchezo. Mchana maboza yanamwaga maji, kiwanja kinashindiliwa, kinakuwa cheusi na kinanata. Mbio za mwanzo mwanzo matairi yanashika vizuri. Kadiri usiku unavyoenda matairi yanachota udongo na kuutupa nje karibu na ukuta, unajikusanya kama tuta jembamba, na katikati kunabaki pamekauka panang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Hapo dereva achague, ashuke chini kabisa kwenye njia fupi iliyobaki na unyevu kidogo, au apande juu aliegemeze tairi la nyuma la kulia kwenye lile tuta, akikosea nusu futi amelivuka na gari linabiringika. Na hiyo njia nzuri inaweza ikahama mbio zikiendelea, raundi ya 10 ilikuwa chini, raundi ya 20 iko juu. Kuna kifaa ndani cha kusogeza bawa mbele au nyuma huku unaendesha, kwa hiyo kiwanja kikianza kuteleza unalirudisha nyuma uzito ukae kwenye matairi ya nyuma. Ndiyo maana kabla ya mbio unawaona madereva wanatembea kiwanjani kwa miguu, wanakanyaga kwa kisigino, wanatazama shimo limeingia kiasi gani. Wanausoma udongo.

Kinser alikuwa anausoma kuliko wote. Na alikuwa na Karl Kinser, ndugu yake wa ukoo, mwenye gari na fundi wake kwa miaka mingi. Watu wanamtaja dereva wanamsahau fundi, mimi naona si haki, maana gari kuandaliwa kwa kiwanja kitakachokuwa saa 4 usiku na siyo kilichopo saa 12 jioni ni akili ya aina yake. Pale Knoxville kuna mbio kubwa kuliko zote za sprinti, Knoxville Nationals, kila Agosti. Kinser kazichukua mara 12.

Swali linalokuja sasa, mtu wa hivyo si angeenda tu NASCAR, zile mbio kubwa za magari ya bodi kwenye lami huko Marekani, akachukue hela? Alienda. Mwaka 1994 alishinda mbio za IROC, zile zinazokutanisha madereva wakali wa michezo mbalimbali kwenye magari yanayofanana, pale Talladega, uwanja mkubwa wa lami, kwa hiyo siyo kwamba lami ilimshinda kabisa. 1995 akaingia NASCAR kwa mpango wa msimu mzima, ikawa mbaya, alikimbia mbio chache tu akaachana na timu msimu ukiwa bado mbichi. Wapo wanaosema ni kwa sababu dereva wa udongo hawezi lami, na mimi sikubali, maana mabingwa wa NASCAR Jeff Gordon na Tony Stewart walitokea kwenye sprinti, na Kyle Larson mwaka 2021 kachukua ubingwa wa NASCAR na Knoxville Nationals mwaka huohuo mmoja. Ninachokiona ni umri na mazoea. Kinser alikuwa na miaka 40, mwili wake umezoea mbio za raundi 30 zinazoisha kwa dakika chache, gari jepesi ambalo ukililaza ndiyo linaenda. Gari la NASCAR wakati ule lilikuwa na zaidi ya kilo 1,500, mbio ni masaa, na ukililaza kwenye lami umepoteza muda na umeyachoma matairi. Yaani kile mguu wake ulichojifunza kwa zaidi ya miaka 15 ndicho alichotakiwa kukiacha. Wenzake waliovuka wakafanikiwa walivuka wakiwa vijana.

Akarudi kwenye udongo. 1997 alijaribu Indianapolis 500, mbio za lami za maili 500, akahesabiwa wa 14, akarudi tena, na kuanzia 1998 akaanza tena kuchukua ubingwa wa World of Outlaws. Wa mwisho, wa 20, aliuchukua 2005 akiwa na miaka 51, na mwaka huohuo aliyeshinda Knoxville Nationals alikuwa mwanawe, Kraig.